Kiwango cha Juu cha Kodi ya Mapato: Historia ya Tarakimu Isomwayo Vibaya

Neno ushuru, ambalo Waswahili walilipokea kutoka Kiarabu, ndani yake mna hesabu. Mzizi wake ni ule ule wa neno ashara, yaani kumi, na ushuru hapo asili ulikuwa ni sehemu moja katika kumi ya mazao au ya bidhaa. Kiingereza nacho kilifanya vivyo hivyo, maana jina la toleo lililodaiwa na kanisa katika vijiji vya Uingereza lilikuwa ni neno la kale la "sehemu ya kumi". Katika lugha zote mbili, aliyetaja jina la malipo alikuwa amekwisha kutaja na kiwango chake. Baadaye hesabu ilitoka katika neno, likabaki ganda tupu: leo ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki huweza kuwa 25 au 35 katika mia, wala hapana asikiaye kwamba pana kosa la hesabu.

Neno kodi halina tarakimu ndani yake, lakini lina utata wa namna nyingine. Kodi ni kile mpangaji anachomlipa mwenye nyumba, tena ni kile raia anachoilipa serikali. Wakati wa Wadachi "kodi ya nyumba" ilikuwa ni amri ya serikali. Leo mtu wa Dar es Salaam akisikia maneno hayo humkumbuka mwenye nyumba wake. Maana hizo mbili zinafanana kwa jambo moja, kwamba kodi hudhaniwa kuwa ni kiasi kimoja, kinachojulikana, kinachotozwa kwa jumla. Chumba ni shilingi kadha wa kadha kwa mwezi, basi. Dhana hiyo ndiyo iletayo taabu mtu anapoingia katika habari za kodi ya mapato, hasa habari za vile viwango vikubwa vya karne ya 20 ambavyo hutajwa mara kwa mara katika mabishano ya siasa: 97 na nusu katika mia huko Uingereza, 94 Marekani, 97 na robo tatu India, 102 Uswidi. Tarakimu hizo zote ni za kweli. Swali ni kwamba zilikuwa ni tarakimu za kitu gani.

Hapana budi kwanza kukumbuka kwamba kodi ya mapato ya siku hizi hutozwa kwa vidato, kama vidato vya ngazi. Chukua mfano wa mfanyakazi wa Tanzania Bara katika mwaka 2024, ambaye mapato yake yanayotozwa kodi ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Zinazofuata, mpaka 520,000, hutozwa 8 katika mia. Kutoka hapo mpaka 760,000 hutozwa 20. Kutoka hapo mpaka milioni moja hutozwa 25. Na zile 200,000 zilizobaki hutozwa 30. Jumla ya kodi ni shilingi 188,000, yaani chini ya 16 katika mia ya mapato yake yote. Lakini mtu huyo akiulizwa yumo katika asilimia ngapi, atajibu 30, na wapo wafanyakazi waogopao kuongezwa mshahara kwa kudhani kwamba wakivuka mpaka wa kidato, kiwango kipya kitarudi nyuma na kuzila hata shilingi za chini. Wataalamu wa uchumi wana istilahi mbili mbalimbali kwa mambo haya mawili. Katika Kiswahili cha magazeti na cha majukwaa maneno "kiwango cha kodi" hubeba mzigo wote peke yake. Katika makala haya kile kinachotozwa shilingi ya mwisho kitaitwa kiwango cha kidato cha juu, na ile sehemu ya mapato yote inayokwenda serikalini itaitwa kiwango cha jumla.

Kodi yenyewe ilizaliwa vitani. William Pitt aliianzisha Uingereza mwaka 1799 ili kugharimia vita na Ufaransa. Mtu mwenye mapato ya pauni 200 au zaidi kwa mwaka alidaiwa shilingi 2 katika kila pauni, na kwa kuwa pauni ilikuwa shilingi 20, hiyo ilikuwa ni sehemu ya kumi. Ushuru wa maana ya kale ulirudi kwa jina jingine. Chini ya pauni 60 hapakuwa na kodi, na katikati kiwango kilipanda kidogo kidogo. Vita vilipokwisha, Bunge liliifuta kodi hiyo mwaka 1816, tena likaamuru daftari zake ziharibiwe ili isibaki hata kumbukumbu. Nakala zilikuwa zimekwisha kupelekwa katika ofisi nyingine ya serikali, ndiyo sababu wanahistoria wanazo hata leo. Robert Peel aliirudisha mwaka 1842 kwa peni 7 katika pauni, karibu 3 katika mia, akisema ni ya muda tu. Kisheria ingali ni ya muda: haina budi kuidhinishwa upya na Bunge kila mwaka.

Katika karne nzima ya 19 Waingereza waliamini kwamba haki ni kiwango kimoja kwa watu wote waliofikia kiasi cha kutozwa. Aliyeivunja imani hiyo alikuwa David Lloyd George, Waziri wa Fedha, katika bajeti yake ya mwaka 1909. Pamoja na kodi mpya za ardhi, alitaka watu wenye mapato ya zaidi ya pauni 5,000 walipe kodi ya ziada ya peni 6 katika pauni kwa sehemu iliyozidi pauni 3,000. Peni 6 ni 2 na nusu katika mia. Kwa ajili ya bajeti hiyo Baraza la Malodi lilifanya jambo lisilokuwa desturi kwa miaka mingi sana, likaikataa. Pakafanyika uchaguzi, bajeti ikapita mwaka 1910, na mwaka 1911 sheria mpya ikaondoa uwezo wa Malodi wa kuzuia miswada ya fedha. Kumbe miaka 32 baadaye, katika bajeti ya mwaka 1941, kiwango cha kawaida kiliwekwa shilingi 10 katika pauni, na kodi ya ziada katika kidato cha juu kabisa ilikuwa shilingi 9 na peni 6. Jumla ilikuwa shilingi 19 na peni 6. Mwaka 1909 serikali ilitaka kuchukua peni 6 za ziada, nchi ikatikisika. Mwaka 1941 ilichukua pauni ya mwisho ya tajiri ikamwachia peni 6, na mfumo wa utawala haukutikisika hata kidogo.

Tofauti hiyo haielezwi na hesabu. Mwaka 1909 jambo lililobishaniwa lilikuwa ni kanuni, kwamba mwenye mali nyingi aweza kutozwa kwa kipimo kingine. Mwaka 1941 mabomu yalikuwa yakianguka London, vijana walikuwa wakiitwa jeshini kwa nguvu ya sheria, na ilikuwa vigumu kwa mtu kusema kwamba mwili wa kijana waweza kuchukuliwa lakini fedha ya mzee haiguswi. Tena ile 97 na nusu haikuwa ndiyo iliyojaza hazina. Kilichojaza hazina ni shilingi 10 za kawaida, na kule kupunguzwa kwa kiasi kisichotozwa kodi, kulikowaingiza mamilioni ya wafanyakazi ambao hapo kabla hawakuwahi kulipa kodi ya mapato; na tangu mwaka 1944 kodi yao ikawa inakatwa kabla mshahara haujafika mkononi. Kidato cha juu kilikuwa ni ushuhuda: kiliwaonyesha wa chini kwamba na wa juu hawakuachwa.

Baada ya vita ushuhuda huo uliendelea, hata ukaivuka mia. Mwaka 1948 Stafford Cripps alitoza mchango maalumu, wa mara moja, juu ya mapato yaliyotokana na mali kama hisa na nyumba za kupangisha, na ukijumlishwa na kodi nyingine malipo ya kidato cha juu yalizidi shilingi 20 katika pauni. Jambo kama hilo lilirudiwa mwaka 1968. Hapo neno mapato limekwisha kukosa maana, kwa sababu mtu hawezi kulipa kutoka katika mapato kiasi kilicho kikubwa kuliko mapato yenyewe. Alilipa kwa kuuza mali, na kwa kweli iliyotozwa ni mali, ijapokuwa sheria ilisema mapato. Mwaka 1974 kiwango cha juu kwa mishahara kilikuwa 83, na kwa mapato ya mali pakaongezwa 15, jumla 98. Mwaka 1979 kile cha 83 kilishushwa kikawa 60, na mwaka 1988 kikawa 40. Tangu mwaka 2013 ni 45.

Marekani ilifika juu kwa njia nyingine. Huko Mahakama Kuu ilikuwa imeibatilisha kodi ya mapato mwaka 1895, na ilibidi Katiba yenyewe irekebishwe mwaka 1913 kabla kodi hiyo haijarudi. Kiwango cha juu kilikuwa 7 tu, kwa mapato yaliyozidi dola 500,000. Vita vya kwanza vya dunia vilikipandisha hata 77 mwaka 1918. Amani ikakishusha mpaka 25. Msukosuko wa uchumi ukakipandisha tena, hata mwaka 1936 kikawa 79. Lakini kidato hicho cha 79 kilianzia dola 5,000,000 kwa mwaka, na husimuliwa kwamba aliyekifikia ni mtu mmoja, John D. Rockefeller wa pili. Sheria ya nchi nzima yaweza kuwa na kidato chenye mkaaji mmoja, na bado tarakimu yake ikaandikwa katika majedwali ya ulimwengu kuwa ndiyo "kiwango cha Marekani".

Mwezi wa Aprili 1942 Franklin Roosevelt alipendekeza kwamba wakati wa vita asiwepo Mmarekani atakayebakiwa na zaidi ya dola 25,000 kwa mwaka baada ya kulipa kodi. Bunge halikukubali, bali liliongeza viwango, na mwaka 1944 kidato cha juu kikawa 94 kwa mapato yaliyozidi dola 200,000. Katika miaka ya 1950 kilikuwa 91 au 92. Wapo wasemao leo kwamba katika miaka ile matajiri wa Marekani walikuwa wakitoa tisini katika kila mia. Hawakuwa wakitoa hivyo. Faida iliyopatikana kwa kuuza hisa na mali nyingine za namna hiyo ilitozwa 25 hivi tu. Tangu mwaka 1948 mume na mke waliweza kuhesabiwa kana kwamba kila mmoja alipata nusu, na hivyo kidato cha 91 kwao kikaanzia dola 400,000. Wenye visima vya mafuta waliruhusiwa kutoa 27 na nusu katika mia ya mapato ya visima kabla ya kuhesabiwa kodi. Aliyekuwa hana njia ya kutokea ni yule aliyelipwa ujira mkubwa kwa kazi ya mwili na sauti yake, kama mwigizaji wa sinema. Ronald Reagan alikuwa mmoja wao, naye alipokuwa mwanasiasa hakuacha kulisimulia jambo hilo.

Chini ya urais wake kiwango, ambacho tangu mwaka 1965 kilikuwa 70, kilishushwa kikawa 50, na kwa sheria ya mwaka 1986 kikafika 28. Ukizitazama tarakimu peke yake, kutoka 91 hadi 28, utadhani mzigo wa matajiri ulipungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Lakini sheria ile ile iliziba njia nyingi za kutokea, na faida ya kuuza hisa ikatozwa sawa na mshahara. Mzigo ulipungua kweli, ila si kwa kadiri hiyo. Tangu mwaka 2018 kidato cha juu ni 37.

Habari ya Uswidi ni ya peke yake, kwa sababu huko mtu aliyeisoma tarakimu vizuri alikuwa ni msimuliaji wa hadithi, na aliyeisoma vibaya alikuwa Waziri wa Fedha. Tarehe 10 Machi 1976 gazeti la Expressen la Stockholm lilichapa hadithi ya Astrid Lindgren, mwandishi wa vitabu vya watoto, mama wa Pippi Långstrump. Hadithi ilimhusu mwandishi mwanamke aitwaye Pomperipossa, aliyekaa katika nchi ya Monismania, aliyeipenda nchi yake na watawala wake, mpaka siku alipoambiwa kwamba kwa mapato yake ya mwaka ule kiwango chake ni 102 katika mia. Kwanza alidhani amesikia vibaya. Kisha akakaa chini na kalamu, akapiga hesabu, akaona kwamba kadiri anavyouza vitabu vingi ndivyo atakavyobakiwa na kidogo.

Haikuwa mzaha. Lindgren alikuwa hana mwajiri, na kwa hiyo sheria ilimtaka alipe kodi ya serikali na ya mji wake, tena alipe na michango ya bima ambayo kwa mfanyakazi wa kawaida hulipwa na mwajiri. Kila sheria ilikuwa na sababu yake; zilipokutana juu ya kichwa cha mtu mmoja zilivuka mia. Gunnar Sträng, aliyekuwa Waziri wa Fedha tangu mwaka 1955, alimjibu hadharani kwamba bibi huyo anajua kusimulia lakini hajui hesabu. Naye akajibu kwamba Sträng ndiye ajuaye kusimulia lakini hajui hesabu, basi wabadilishane kazi. Hesabu ya bibi ilikuwa sahihi, na sheria ikarekebishwa mwaka ule ule. Lindgren alikuwa mfuasi wa miaka mingi wa chama cha Wasosholisti wa Kidemokrasia, ambacho kilikuwa kimeshika serikali kwa zaidi ya miaka 40. Mwezi wa Septemba chama hicho kilishindwa katika uchaguzi. Wanahistoria hutaja na sababu nyingine, hasa ubishi juu ya nguvu za nyuklia, na ingekuwa kuikuza mno hadithi ya gazeti kusema kwamba ndiyo iliyoiangusha serikali.

Jambo la kulitazama kwa makini hapa ni kwamba 102 nayo ilikuwa ni ya kidato cha juu. Lakini mapato ya Lindgren yalikuwa makubwa sana, na mapato yanapokuwa makubwa sana, vidato vya chini huwa kama vijiti vichache chini ya mnazi: kiwango cha jumla hukikaribia kiwango cha juu mpaka tofauti yao haionekani. Yale ambayo watu wengi huyadhani kwa makosa juu ya kodi zao wenyewe, kwake yalikuwa karibu na kweli. Waswidi waliosoma gazeti siku ile, ambao wengi wao hawakukaribia kidato hicho, waliielewa tarakimu kwa maana isiyokuwa yao, wakakasirika kwa ajili yake. Mabadiliko makubwa ya mwaka 1991 yalikishusha kiwango cha juu mpaka 50 hivi.

India inaweza kuelezwa kwa ufupi zaidi. Kodi ya mapato iliingizwa huko mwaka 1860 na James Wilson, Mwingereza, ili kulipia gharama za maasi ya mwaka 1857. Zaidi ya karne moja baadaye, katika mwaka wa fedha wa 1973–74, serikali ya Indira Gandhi ilikuwa ikitoza 85 kwa mapato yaliyozidi rupia 200,000, na juu ya kodi hiyo nyongeza ya 15 katika mia, jumla 97 na robo tatu. Kamati ya Jaji Wanchoo ilikuwa imekwisha kuonya mwaka 1971 kwamba viwango hivyo ni sababu kubwa ya watu kuficha mapato. Mwaka uliofuata vikashushwa kuwa 77, na tangu hapo vikazidi kushuka.

Kenya haimo katika majedwali ya viwango vikubwa vya zamani, na inafaa kuuliza kwa nini. Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kodi ya mapato mwaka 1920. Walowezi wa Kizungu waliipinga kwa nguvu nyingi, na mwaka 1922 ikafutwa, mahali pake pakatafutwa fedha kwa ushuru wa forodha. Kodi ya mapato haikurudi mpaka mwaka 1937. Katika miaka ile ile Mwafrika alilipa kodi ya nyumba na ya kichwa, iliyokuwa imepandishwa ikafika shilingi 16. Nairobi Harry Thuku alikusanya watu kuipinga kodi hiyo, pamoja na kupunguzwa kwa mishahara na amri ya kipande. Akakamatwa mwezi wa Machi 1922, na askari wakawapiga risasi watu waliokusanyika kumdai. Mwaka huo kodi ilishushwa ikawa shilingi 12. Kwa hiyo katika mwaka mmoja mlowezi aliondolewa kodi yake yote, na Mwafrika akapunguziwa robo.

Kodi ya kichwa haina asilimia. Jedwali la viwango halina mahali pa kuiandika, na Kenya ya mwaka 1922 ingeonekana humo kuwa ni nchi isiyotoza mapato kitu. Lakini mtu akitaka kuigeuza kuwa asilimia ataona kwamba ni ngazi iliyosimamishwa kichwa chini: shilingi 12 ni sehemu kubwa ya mapato ya kibarua, ni sehemu ndogo ya mapato ya karani, na kwa mfanyabiashara si kitu. Kidato chake cha juu ndicho alichokikalia maskini.

Siku hizi nchi za Afrika Mashariki hulinganishwa kwa tarakimu moja moja. Kwa viwango vya mwaka 2024, Tanzania huandikiwa 30, Kenya 35, Uganda 40, na msomaji wa jedwali huondoka akidhani Mtanzania ndiye aliyebahatika. Ile 35 ya Kenya, iliyoanza mwezi wa Julai 2023, huanzia mapato ya zaidi ya shilingi 800,000 za Kenya kwa mwezi, na ile 40 ya Uganda huanzia zaidi ya shilingi milioni 10 za Uganda. Vyote viwili ni vidato vya watu wachache sana. Kile cha 30 huanzia Tanzania Bara kwa mapato yanayozidi shilingi milioni moja za huko. Kenya nayo ina kidato cha 30, ambacho hakitajwi katika jedwali kwa sababu si cha mwisho. Huanzia shilingi 32,333 za Kenya, kiasi ambacho kikibadilishwa kuwa shilingi za Tanzania hakifiki milioni moja. Mwalimu wa Nairobi huwa amekwisha kukipanda kabla mwenzake wa Dodoma, mwenye mshahara wa thamani ile ile, hajakifikia.